Kuhamia Ujerumani na watoto wadogo: nini kitangulie, nini kisubiri

Tangu Kenya na Ujerumani zilipotiliana saini makubaliano ya uhamiaji na ajira mjini Berlin, Septemba 2024, simu yangu haipoi. Wananipigia wauguzi, madereva, mafundi umeme. Wengine wako Mombasa, wengine kwetu Tanga ambako watu wamesikia ya jirani na wao wanajipanga. Wanauliza mshahara, kodi, mtihani wa Kijerumani. Wenye watoto wadogo huuliza la watoto mwisho kabisa, salio likikaribia kuisha: "Na watoto, dada, si watazoea tu?"

Watazoea. Ila kuzoea kwao kunategemea sana mambo utakayoyafanya wewe mzazi katika miezi ya mwanzo, na yatafuatana vipi. Sisi tulifika Leipzig Novemba 2017 tukiwa na binti wa miaka mitatu na mvulana wa miezi kumi na mmoja. Tukaanza na lililokuwa likitutisha, yaani baridi. Wiki nzima tulizunguka madukani kutafuta makoti, huku karatasi moja ambayo mambo mengine yote yaliisubiri tumeiacha kwenye bahasha mezani. Ucheleweshaji ule ulitugharimu miezi. Kwa hiyo nitaandika kwa mfuatano ambao ningeufuata leo.

Kabla ya kupanda ndege: kadi ya kliniki na majina

Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, pasipoti, hayo kila mtu anayajua. Chukua nakala halisi, na vitafsiriwe kwa Kijerumani na mtafsiri aliyeapishwa. Ninachowaomba zaidi ni kadi ya kliniki. Ile kadi uliyoikunja kwenye mkoba, yenye mihuri ya kupima uzito na chanjo, huku ni mali. Tangu Machi 2020 sheria ya Ujerumani inataka mtoto anayeingia chekechea awe na uthibitisho wa chanjo ya surua: aliyetimiza mwaka mmoja awe amechanjwa angalau mara moja, aliyetimiza miaka miwili awe amechanjwa mara mbili. Kwetu chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na kurudiwa miezi 18, kwa hiyo mtoto wako huenda ameshatimiza yote. Bila kadi huna cha kuonyesha. Kama imepotea, rudi kliniki ukaombe nyingine kabla hujasafiri, kwa sababu kuifuatilia ukiwa huku ni kumsumbua mama yako apange foleni kwa niaba yako.

La pili ni majina, na hapa nitakaa kidogo maana sijaona mtu akiwaonya watu.

Chukua familia ya kawaida ya pwani. Baba anaitwa Juma Hamisi Bakari, mama ni Mwanaidi Salim Omari, mtoto ni Asha Juma Hamisi. Kwetu hakuna wa kushangaa. Karani wa Kijerumani atatazama pasipoti tatu, ataona majina matatu tofauti ya mwisho, na atauliza hawa ni familia moja kweli? Yeye amezoea mke, mume na watoto kubeba jina moja la ukoo. Huna haja ya kubadilisha jina la mtu. Hakikisha tu kwamba jina la mtoto limeandikwa sawasawa, herufi kwa herufi na kwa mpangilio uleule, kwenye pasipoti na kwenye cheti cha kuzaliwa, na kwamba jina la baba kwenye cheti hicho linafanana na la pasipoti yake. Mohamed yenye m moja katikati hapa na Mohammed yenye m mbili pale zinaweza kukurudisha nyumbani mikono mitupu. Kurekebisha ukiwa Dar es Salaam au Nairobi ni usumbufu mdogo zaidi. Kurekebisha ukiwa huku kunakula miezi.

Wiki mbili za kwanza: anwani, na majina kwenye sanduku la barua

Ukishaingia kwenye nyumba unayopanga, una wiki mbili za kujiandikisha kwenye ofisi ya wakazi, inayoitwa Bürgeramt au sehemu nyingine Bürgerbüro. Kujiandikisha huko kunaitwa Anmeldung, na ndiyo ile karatasi tuliyoiacha kwenye bahasha. Mwenye nyumba anatakiwa akupe fomu ya kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Idai siku unayokabidhiwa funguo, usiondoke bila hiyo. Miadi ya ofisini huchukuliwa kwa intaneti na mara nyingi nafasi zimejaa, kwa hiyo tafuta nafasi kila asubuhi mapema, watu hufuta miadi na nafasi hutokea. Siku hiyohiyo omba miadi ya ofisi ya wageni kwa ajili ya vibali vya kuishi, na kumbuka kila mtoto ana kibali chake, hata anayenyonya.

Baada ya Anmeldung, ndani ya wiki chache, kila mmoja wenu atatumiwa barua yenye namba ya kodi. Watoto pia. Sasa sikiliza: posta wa Ujerumani anatia barua kwenye sanduku ambalo lina jina la mwisho la mwenye barua. Jina lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka. Sisi tuliandika jina la mume wangu pekee, tukaona inatosha, baba si ndiye mwenye nyumba? Barua yangu na za watoto zikarudi. Na fomu ya posho ya watoto inataka namba ya kodi ya mzazi na ya mtoto. Bila barua hakuna namba, bila namba maombi yanakwama. Siku ya kwanza kabisa, andika kwa kalamu nene majina yote ya mwisho yaliyomo ndani ya nyumba, hata yakiwa matatu, kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlango.

Barua zisomeke siku zinapofika. Huku mambo mazito huja kwa barua, na barua yenye tarehe ya mwisho haisubiri mpaka umpate wa kukutafsiria. Moja itakuja kudai mchango wa redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama hamna televisheni. Wengi huitupa wakidhani ni utapeli. Ni ya kweli.

Bima na daktari wa watoto

Mzazi mmoja akiajiriwa na kuingia kwenye bima ya afya ya umma, mwenzake asiye na kipato na watoto wote huingia chini ya bima hiyo bila kuongeza hata senti. Waandikishe mara moja. Kisha tafuta daktari wa watoto hata kama hakuna anayeumwa. Madaktari wengi hawapokei wagonjwa wapya, na utapiga simu kumi kabla ya kupata mmoja. Kumtafuta wakati mtoto ana homa ya 39 usiku wa Ijumaa ni mateso.

Utapewa daftari la manjano la vipimo vya ukuaji, vyenye majina U1 hadi U9. Cha kwanza hufanywa mtoto anapozaliwa, cha tisa akiwa na miaka mitano hivi. Ni kliniki ileile tuliyoizoea, ila hapa wanaangalia pia mtoto anavyocheza, anavyoongea, anavyosimama kwa mguu mmoja. Kwa mtoto aliyetoka nyumbani, daktari anaweza kushangaa kovu begani. Mwambie ni chanjo ya kifua kikuu. Ujerumani iliacha kuipendekeza mwaka 1998, na madaktari vijana hawajazoea kuiona. Uliza pia habari ya vitamini D. Jua la huku kuanzia Oktoba hadi Machi halina nguvu ya kuutengenezea mwili vitamini hiyo, na ngozi zetu nyeusi zinahitaji jua zaidi. Watoto wachanga wote hupewa kidonge kidogo au matone kila siku, na kwa wetu wakubwa kidogo mwachie daktari aamue.

Msishangae daktari akimpa mtoto mwenye kikohozi ushauri wa chai, maji mengi na kulala. Mama yangu alipoambiwa kwenye simu alikasirika kweli: "Yaani mmelipa bima mpewe chai!" Huku dawa za kuua bakteria hazitolewi haraka, na nimekuja kuona wana haki. Dawa wanazoandikiwa watoto hulipiwa na bima, na kwa walio chini ya miaka 12 hata ile ya homa inayouzwa bila cheti hulipiwa ikiwa daktari ameiandika. Usiku na mwishoni mwa wiki piga 116117. Kama hali ni ya hatari, piga 112.

Posho ya watoto

Kindergeld ni fedha ambayo serikali humlipa mzazi kwa kila mtoto. Tangu Januari 2026 ni euro 259 kwa mwezi. Haki hii inategemea aina ya kibali chako: wenye vibali vya kazi kwa kawaida wanapata, wenye viza ya masomo mara nyingi hawapati. Nimekutana na akina baba waliogoma kuomba wakihofia itaandikwa kwamba wanategemea serikali na kibali kitanyimwa. Sheria ya ukaaji inasema wazi kwamba posho hii haihesabiwi hivyo. Ombeni mapema, kwani hulipwa nyuma miezi sita tu kabla ya mwezi wa maombi. Ya kabla ya hapo imekwenda.

Chekechea, na wiki za kumzoesha mtoto

Tangu Agosti 2013 kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki kisheria ya kupata nafasi ya malezi ya mchana. Haki na nafasi ni vitu viwili. Katika miji mingi ya magharibi foleni ni ndefu, watu huandikisha mtoto akiwa bado tumboni. Huku mashariki, Leipzig ikiwemo, watoto wanaozaliwa wamepungua na nafasi zimekuwa rahisi zaidi. Ada nayo hutegemea jimbo: Berlin hakuna ada tangu 2018 isipokuwa chakula, sisi tunalipa. Jiandikishe kwenye tovuti ya jiji lako wiki hiyohiyo unayopata anwani, kisha uende mwenyewe kwa miguu ukabishe hodi kwenye vituo vya mtaani kwako. Mtoto akionekana, anakumbukwa.

Kituo chenyewe huitwa Kita. Ukishapata nafasi, usipange kuanza kazi wiki hiyo. Kuna kipindi cha kumzoesha mtoto na mzazi haepuki kuwapo. Vituo vingi hufuata utaratibu uliozaliwa Berlin: siku tatu za kwanza mnakaa wote kama saa moja, wewe umekaa pembeni, mtoto anacheza. Siku ya nne unamuaga, unatoka kwa muda usiozidi nusu saa, na kurudi. Akitulizwa na mlezi wake akatulia, muda unaongezwa. Asipotulia, mnarudi nyuma siku kadhaa. Kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne, na mvulana wangu alichukua sita.

Nilikuwa naona ni kumdekeza. Nyumbani tunamkabidhi mtoto kwa dada au kwa shangazi, analia kidogo, ananyamaza. Lakini nilisahau kwamba nyumbani yule shangazi anaongea lugha ya mtoto. Hapa mwanangu aliachwa na mtu asiyejua hata neno "maji". Kilichotusaidia ni karatasi moja niliyomwandikia mlezi, maneno kumi na mawili ya Kiswahili kwa matamshi ya Kijerumani: maji, kojo, usingizi, inauma, mama anakuja, pole, na mengine. Akaibandika ndani ya mlango wa kabati. Siku ya tatu ya kumuaga, nikiwa nje ya mlango, nilimsikia mlezi akimwambia, "Mama anakuja, pole, pole." Kilio kilikatika. Mwandikieni mlezi karatasi kama hiyo kabla ya siku ya kwanza.

Kuna jambo la saa, na limewaumiza wengi. Mjerumani akisema *halb neun*, anataja neno nusu na neno tisa, lakini anamaanisha nusu ya kuielekea tisa, yaani 8:30 asubuhi, saa mbili na nusu yetu. Mkutano wangu wa kwanza na mlezi niliufikia nikiwa nimechelewa saa nzima, na nilikuwa na hakika nimewahi. Miadi yoyote, mwombe mtu akuandikie kwa tarakimu.

Kwenye kituo mtoto hupewa ndoana ya kutundika koti, na juu yake picha ya mnyama au tunda, maana bado hasomi. Binti yangu alipewa kobe. Kwenye ndoana hiyo lazima viwepo viatu vya ndani, nguo za kubadilisha, buti za mpira na suruali ya matope, ile ya plastiki yenye kanda mabegani. Watoto hutolewa nje kila siku, mvua inyeshe, theluji ianguke. Andika jina kwenye kila kitu, hadi soksi.

Nje kuna mchanga, na mchanga na nywele zetu haviendani. Mtoto aliyesukwa mistari Jumapili anarudi Jumatatu na kilo ya mchanga kwenye ngozi ya kichwa. Nilichojifunza: suka mitindo midogo inayolala, kama twende kilioni, na chini ya kofia ya sufu mvalishe kitambaa laini cha satini ili sufu isinyonye mafuta na kukata nywele. Mweleze mlezi kwamba nywele hizi hazichanwi zikiwa kavu, na kwamba watu wazima hawana ruhusa ya kuzishikashika. Sema kwa upole, ila sema siku ya kwanza.

Na kuna siku mtoto atarudi na swali la rangi. Kwangu lilianzia kwenye penseli. Watoto wa Kijerumani huiita ile penseli ya waridi iliyopauka "rangi ya ngozi", na binti yangu aliniuliza mbona si ya ngozi yake. Nililia usiku ule, kisha kesho yake nikanunua boksi la penseli zenye rangi nyingi za ngozi, kuanzia za mchanga hadi za kahawa, nikalipeleka kituoni kama zawadi. Mkuu wa kituo alinishukuru na akaagiza mengine. Mahali ambapo utani unavuka mpaka, au mtoto anaitwa majina, omba kikao na uombe kiandikwe. Usimwambie mtoto apuuze.

Kwa Waislamu: mjaze fomu ya chakula vizuri, na kumbukeni pipi. Zile za mpira zinazogawiwa kwenye sikukuu za kuzaliwa mara nyingi zina jelatini ya nguruwe. Mimi huacha kituoni kopo la pipi zisizo na jelatini, ili mwanangu asiwe yule anayekaa mikono mitupu wenzake wakitafuna.

Nguo na nyumba

Makoti yanasubiri kuliko tulivyodhani, lakini yakifika wakati wake, usinunue mapya. Kila mtaa una siku za mnada wa nguo za watoto, wazazi wanapanga meza na suruali ya theluji ya euro 60 unaipata kwa euro 10. Ni mitumba, na kwetu mitumba hatuna haya nayo. Tofauti ni kwamba hapa unainunua kwa aliyeivaa. Mvalishe mtoto tabaka tabaka, nguo ya ndani ya pamba au sufu, fulana, sweta, koti. Ndani ya gari vua koti nene kabla ya kufunga mkanda, kwa sababu mkanda juu ya koti hauubani mwili. Mtoto aliye chini ya miaka 12 na hajafika sentimita 150 lazima akalie kiti chake, hata kwenye gari la rafiki anayewapokea uwanja wa ndege.

Nyumba nyingi hukodishwa bila jiko, namaanisha chumba kitupu, hata sinki hamna. Uliza kabla ya kusaini. Dhamana ya nyumba haizidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za joto na maji. Kisha kuna ukungu wa ukutani. Sisi tunapika vyakula vya mvuke, tunaanika nguo ndani, na kwa kuogopa baridi tunafunga madirisha wiki nzima. Ukuta unaota madoa meusi, watoto wanakohoa, mwenye nyumba anadai fidia. Fungua madirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi, mara tatu kwa siku, hata nje kukiwa na barafu.

Kimya cha usiku huanza saa nne hadi saa kumi na mbili asubuhi, na Jumapili siku nzima. Kilio cha mtoto mchanga hakuna wa kukushtaki. Kinu na mchi Jumapili, hapo hodi itapigwa. Tulipohamia tulipeleka sahani ya maandazi kwa kila mlango wa ngazi yetu, tukiwa na watoto mbele. Bibi wa ghorofa ya chini ndiye leo huwapokea watoto nikichelewa treni.

Kiswahili kisitoke nyumbani

Haya ndiyo ninayoyasema kwa nguvu zaidi. Mtatokea kuambiwa, na mtu mwenye nia njema, mwongee Kijerumani nyumbani ili mtoto awahi. Msikubali. Kijerumani atakipata kituoni na shuleni, kutoka kwa wanaokijua. Kijerumani chako cha kuungaunga hakitamsaidia, na utakuwa umemnyima lugha ambayo ndani yake wewe ni mtu mzima kamili, unayejua kubembeleza, kukemea na kusimulia. Walezi waliosomea kazi yao siku hizi wanashauri hivyohivyo: mzazi aongee lugha yake.

Miezi ya mwanzo mtoto anaweza kunyamaza kimya kituoni. Binti yangu hakusema neno karibu miezi minne, nikadhani amepata tatizo. Alikuwa anasikiliza. Kisha mambo hugeuka: anaanza kukujibu Kijerumani kila unapomsemesha. Hapo wazazi wengi hukata tamaa. Wewe endelea na Kiswahili, usimgombeze. Akisema "viatu yangu iko wapi", mjibu kama anayekubaliana naye: "Viatu vyako viko mlangoni." Ngeli itaingia masikioni bila somo.

Bibi na babu msiwaweke kwenye simu kwa salamu peke yake. Mtoto wa miaka minne, ukimwambia "msalimie bibi", atasema "shikamoo" na kukimbia. Mpeni bibi kazi. Kwetu Jumamosi saa kumi ni saa ya bibi: anasema "Hadithi, hadithi!", wanamjibu "Hadithi njoo!", na anaanza sungura na fisi palepale alipoishia wiki iliyopita. Vitendawili pia. Mvulana wangu sasa anamtegea bibi vyake, vingine amevitunga kutokana na vitu vya huku, na bibi anashindwa kwa sababu hajawahi kuona theluji. Kwenye miji yenye vyuo vinavyofundisha Kiswahili, kama Leipzig, Bayreuth, Hamburg na Berlin, tafuteni wanafunzi. Wako tayari kukaa na watoto alasiri moja wakizungumza nao, na mtoto akiona Mjerumani anahangaika na "nitakupikia", anaona lugha yake ina thamani.

Malezi na sheria

Kumpiga mtoto, hata kofi, ni marufuku kisheria tangu mwaka 2000. Hakuna mjadala wa mila hapa. Najua wengi tumelelewa kwa fimbo na tunawapenda wazazi wetu, ila mtoto akieleza kituoni kwamba alichapwa, mlezi anawajibika kufuatilia. Ofisi ya ustawi wa vijana, Jugendamt, inaogopwa kuliko polisi miongoni mwetu, kwa hadithi za watoto kuchukuliwa. Ofisi hiyohiyo hutoa ushauri bure, humtafutia mama aliyeelemewa mtu wa kumsaidia nyumbani, na hujadili ada ya kituo kwa wenye kipato kidogo. Nendeni mkiwa na shida ndogo, kabla haijawa kubwa.

Shida ndogo itakuwepo, kwa kuwa huku hakuna dada wa kazi, hakuna jirani wa "niangalizie nafika". Akina baba, hili ni lenu. Mke aliyekuwa na mama mkwe, wifi na binti wa jirani, sasa ana wewe peke yako. Osha vyombo, amka usiku, mpeleke mtoto kituoni hata kama watu wa nyumbani watacheka kwenye simu. Na wewe mama, toka. Vituo vya familia vina asubuhi za wazazi na watoto wachanga, maktaba za jiji zina saa za hadithi, uwanja wa michezo uko kila mtaa. Mwaka wa kwanza nilikaa ndani Desemba nzima, na giza la saa kumi jioni lilinila.

Shule na safari ya nyumbani

Shule huanza mwaka anapotimiza miaka sita hivi, na ni lazima. Kumfundishia nyumbani hairuhusiwi. Siku ya kwanza kila mtoto huja amekumbatia pembe kubwa ya karatasi iliyojaa pipi na kalamu. Itengenezeni wiki kadhaa kabla. Mtoto atakayekosa atalikumbuka hilo.

Akishaanza shule, tiketi ya bei rahisi wiki moja kabla ya likizo huiwezi tena. Kumtoa mtoto darasani bila ruhusa ya shule kunatozwa faini. Kata tiketi za likizo ya kiangazi mapema, na muone daktari wiki sita kabla kwa ajili ya kinga ya malaria, kwani mtoto aliyekaa huku miaka miwili hana tena kinga aliyokuwa nayo, na aliyezaliwa huku hakuwa nayo kabisa. Mkisharudi, homa yoyote hata wiki kadhaa baadaye, neno la kwanza kwa daktari liwe tumetoka Tanzania, au Kenya, naomba apimwe malaria. Usisubiri aulize. Daktari wa huku akiona homa anafikiria mafua, na malaria ya mtoto haingoji hadi kesho.

Wakati wa kufunga mizigo ya kurudi, ndugu watawajazia unga, dagaa na viungo. Unga wa sembe mtaupata kwenye maduka ya Kiafrika ya karibu kila jiji kubwa. Acheni kilo tatu za begi kwa vitabu vya hadithi vya Kiswahili, vya picha kubwa, kwa umri alio nao mtoto sasa na kwa mwaka unaofuata. Hivyo huku hamtavipata.